"Kwao ndivyo wanavyoongea": malezi yanaweza kumsafisha mchezaji na kauli ya kibaguzi?

#1 Kiungo Mkabaji (mleta mada)

Wakuu, jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu, leo nimeona nilitue hapa jukwaani.

Kila mchezaji mkubwa akinaswa ametamka neno la kibaguzi, kabla hata hajaomba radhi, wameshajitokeza watu wa kumsemea. Na wanayosema ni yaleyale: msimhukumu, katoka mbali, kwao neno hilo ni la kawaida, kalelewa hivyo, shule yenyewe hakuimaliza. Siwacheki. Mwaka 2011 nilikuwa upande wa Luis Suárez kabisa, nikabishana na watu hadi usiku wa manane. Kilichonitoa huko ni kuisoma hukumu yenyewe.

Tukumbushane. Oktoba 15, 2011, Liverpool na Manchester United, Anfield, mechi iliyoisha 1-1. Kipindi cha pili, kona inasubiriwa, Suárez wa Liverpool na Patrice Evra wa United wamekabana mbele ya goli na wanarushiana maneno kwa Kihispania. Evra anataka kujua kwa nini alipigwa teke. Kwa maelezo yake, jibu alilopewa ni kwamba ni kwa sababu yeye ni mweusi. Suárez alikana. Alikiri kulitamka neno "negro" mara moja tu, akasema kwao Uruguay watu huitana hivyo kirafiki.

Kamati huru iliyoisikiliza kesi hiyo kwa niaba ya Chama cha Soka cha England haikuupuuza utetezi huo hata kidogo. Ilipokea ushahidi wa wataalamu wawili wa lugha na tamaduni za Amerika Kusini. Wataalamu wakakubali kwamba ni kweli, kule neno hilo laweza kuwa la upendo, mtu akamwita hivyo mpenzi wake au rafiki wa utotoni. Ila wakaongeza jambo ambalo sisi watetezi tulikuwa hatulisemi: likitamkwa kwa namna aliyoieleza Evra, katikati ya ugomvi, ni tusi hata hukohuko Uruguay. Kisha Suárez akahojiwa. Alikuwa ameandika kwamba alipomfinya Evra mkono alikuwa anatuliza hali. Alipobanwa kwa maswali, hakuweza kuusimamia usemi huo. Kamati ikaamini maelezo ya Evra, ikasema neno lilitamkwa mara saba. Mechi nane nje, faini ya pauni 40,000, na hukumu ya kurasa 115.

Mnaona ilivyokuwa? Utamaduni ulioitwa kuja kumtetea ndio uliomtolea ushahidi.

Na hapa ndipo penye hoja yangu. Mtu akisema "kwao ni kawaida", hilo "kwao" ni la nani? Uruguay ina watu weusi, na imekuwa nao uwanjani tangu zamani: kwenye michuano ya kwanza ya Amerika Kusini mwaka 1916 timu yao ilikuwa na Isabelino Gradín na Juan Delgado, wote weusi. Mbona hatuwaulizi wao kama ni kawaida? Nchi nzima inasemewa na yule anayelitamka neno, anayeitwa kwa neno hilo hatafutwi. Aliponaswa Nelson Piquet, dereva wa zamani wa Formula One kutoka Brazil, mwaka 2022 kwa kumwita dereva Lewis Hamilton "neguinho", yaani mweusi mdogo, alijitetea kwamba Brazil neno hilo husemwa kwa mtu yeyote. Lakini waliomburuta mahakamani walikuwa makundi ya haki za binadamu ya hukohuko Brazil. Hamilton naye alimjibu kwa sentensi ya Kireno. Kwa hiyo hata hao "wa kwao" hawakuwa na kauli moja.

Msimamo wangu basi. Malezi yanatueleza neno lilitoka wapi. Kwenye ukubwa wa adhabu yapimwe, sina ugomvi. Kosa hayalifuti. Naomba kuwasilisha.

#2 Dakika za Nyongeza

Mkuu, umeandika vizuri lakini umechagua kesi inayokufaa. Suárez ni rahisi. Njoo kwa Cavani.

Novemba 2020 Edinson Cavani, Mruguay wa Manchester United, anatokea benchi dhidi ya Southampton, anafunga mawili, United wanashinda 3-2. Rafiki yake anampongeza Instagram. Cavani anamjibu "gracias negrito", asante mweusi mdogo. Hakuna ugomvi, hakuna mpinzani, hakuna aliyeumizwa. Ni mtu anamshukuru mwenzake kwa lugha waliyokua nayo. Chama kikamfungia mechi tatu na faini ya pauni 100,000, ilhali kamati yenyewe ilikubali kwamba hakuwa na nia ya kubagua! Taasisi ya lugha ya Uruguay ilitoa tamko la kupinga. Yaani watu wa nchi nyingine wameambiwa neno lao la mapenzi lina maana gani, na kwa lugha ambayo hao waamuzi hawaizungumzi.

Na kuna jambo watu wenye elimu huwa wanalisahau. Wengi wa vijana hawa waliingia akademi wakiwa na miaka kumi na moja, kumi na mbili. Tangu hapo maisha yao ni mpira, chakula, kulala. Hakuna aliyewakalisha chini akawafundisha historia ya utumwa. Halafu siku moja tunawataka wazungumze kama wanadiplomasia. Kipa Wayne Hennessey alishtakiwa mwaka 2019 kwa picha iliyoonekana kama saluti ya Kinazi, akasema haijui saluti hiyo. Kamati ilimwamini, shtaka likaanguka, na ikaandika kwamba ujinga wake kuhusu jambo hilo ni wa kusikitisha. Kwa hiyo kutojua kupo, wakuu, si hadithi za kutungwa.

#3 Mwalimu wa Lugha

Nichangie kidogo upande wa lugha, maana ndiyo kazi yangu.

Dakika za Nyongeza ana haki kwa Cavani. Neno halina maana moja iliyofungwa ndani yake kama kokwa. Nahodha wa Uruguay waliochukua Kombe la Dunia 1950, Obdulio Varela, walimwita "El Negro Jefe", yaani Mweusi Mkuu, na lilikuwa jina la heshima kubwa. Ukitafsiri neno kwa neno unapotea.

Ila mkumbuke usiku wa Desemba 8, 2020, Paris. PSG wanacheza na Başakşehir ya Istanbul. Mwamuzi wa akiba, raia wa Romania, anataka kumwonyesha mwamuzi wa kati ni nani kwenye benchi apewe kadi nyekundu. Aliyekusudiwa ni Pierre Webó, kocha msaidizi wa Başakşehir, mtu wa Kameruni. Kwa Kiromania anasema "yule mweusi". Neno lenyewe ni "negru", rangi tu, hata kamusi haina lingine. Webó akalipuka. Demba Ba, aliyekuwa mchezaji wa akiba, akasogea akamuuliza mwamuzi swali ambalo mimi hulitumia darasani mpaka leo: ukimtaja mzungu husemi "yule mzungu", unasema "yule"; kwa nini ukimtaja mweusi lazima useme "yule mweusi"?

Sikilizeni swali hilo vizuri. Ba hakubishana kuhusu kamusi. Yule mwamuzi angeweza kuleta wataalamu kumi wa Kiromania na wote wangesema neno ni safi. Ba alikuwa anauliza kuhusu jicho: katika benchi zima la watu waliovaa sare moja, wewe umeona nini kwanza? Timu zote mbili zilitoka uwanjani, mechi ikamaliziwa kesho yake na waamuzi wengine.

Nasi tunaoongea Kiswahili tuna "Mhindi yule", "Mchina yule", midomoni kila siku. Huwa najiuliza wenyewe wanasikiaje.

#4 Kiungo Mkabaji

Dakika za Nyongeza, la Cavani nakubali. Mechi tatu zilikuwa nyingi mno, angeelekezwa afute na yaishe. Na alifuta mwenyewe, hakusubiri kuvutwa. Sitaki kushinda ubishi kwa kung'ang'ania pale pasipo haki.

Lakini angalia tofauti. Cavani alikuwa anamwambia mtu wake, ndani ya lugha yao, na yule aliyeambiwa alikuwa ameridhika. Suárez alikuwa anamwambia mgeni, kwenye ugomvi. Malezi ni yaleyale, nchi ni ileile, hata jimbo ni moja: wote wawili wamezaliwa Salto. Kama malezi ndiyo yangekuwa yanaamua, kesi hizi mbili zingefanana. Hazifanani kabisa.

Halafu hili la "hakujua". Kesi ninayoipenda hapa ni ya besiboli. Oktoba 2017, fainali za ligi ya Marekani, mchezo wa tatu. Yuli Gurriel wa Houston, mzaliwa wa Cuba, anaupiga mpira aliorushiwa na Yu Darvish wa timu pinzani, unavuka uzio. Anarudi kwenye benchi, amekaa, kamera imemlenga. Anavuta pembe za macho yake kwa vidole na mdomo wake unatamka "chinito". Darvish ni Mjapani, baba yake ni Muirani. Utetezi ukaja: Cuba kila mwenye asili ya Asia huitwa Mchina, hakuna ubaya. Ni kweli kabisa kwamba huitwa hivyo. Ila Gurriel alikuwa ameshacheza Japani, mwaka 2014, Yokohama! Amekaa nao, amekula mshahara wao, na mwenyewe alikiri kwamba anajua Wajapani huchukizwa na kitu kile. Alifungiwa mechi tano za msimu uliofuata.

Ndiyo maana nasema tusiishie kuuliza mtu alizaliwa wapi. Tuulize amepita wapi tangu hapo. Suárez mwaka ule alikuwa ameishi Ulaya tangu 2006. Hawa si watu walioshuka kwenye ndege jana.

#5 Wiketi Tatu

Mmesahau kriketi, na kriketi ina mifano mikali zaidi kwa sababu kuna maikrofoni pale kwenye vijiti anavyovilinda mpigaji, inanasa kila kitu.

Januari 2019, Durban. Pakistan wanacheza na Afrika Kusini, mechi inawatoka. Andile Phehlukwayo anapiga, kila mpira unamwendea vizuri. Nahodha wa Pakistan, Sarfaraz Ahmed, yuko nyuma ya vijiti, anasema kwa Kiurdu: we mweusi, mama yako leo amekaa wapi, umemwambia akuombee dua gani? Nyumbani kwao nusu ya nchi inamsikia. Aliyeambiwa hajaelewa hata neno moja.

Kuomba kwake radhi ndiko kulikonishangaza. Alisema maneno hayo hakukusudia wapinzani wayasikie wala wayaelewe. Alidhani anajitetea! Mimi naona hapo ndipo alipojifunga. Kama neno ni la kawaida na halina ubaya, kwa nini likawa salama tu pale mwenyewe halielewi? Alifungiwa mechi nne.

Na lingine linalofanana nalo. Darren Sammy wa West Indies alicheza ligi ya India, Hyderabad, akiwa anaitwa "kalu" na wenzake wa timu moja. Kila akiitwa watu wanacheka, naye anacheka. Alidhani maana yake ni mwenye nguvu. Mwaka 2020, miaka imepita, akiwa anatazama televisheni, ndipo alipojua maana yake ni mweusi, na kwamba si neno zuri. Baadaye mmoja wao alimhakikishia kwamba walimwita kwa upendo. Huenda. Lakini rafiki anayekupenda si angekwambia maana yake siku ya kwanza?

#6 Msomaji Kimya

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tusijidanganye kwamba wanaobagua ni wazungu tu. Balotelli, mshambuliaji mweusi wa Italia aliyerushiwa maneno machafu viwanja vingi vya Italia, mwaka 2014 alisambaza picha yenye mzaha juu ya weusi na Wayahudi pamoja, akajitetea kwamba mama yake ni Myahudi. Mechi moja na faini ya pauni 25,000. Ousmane Dembélé, mchezaji wa Ufaransa, alinaswa kwenye video akiwakejeli mafundi wa Kijapani waliokuja chumbani kwake kurekebisha televisheni.

Ninayemheshimu ni Azeem Rafiq. Novemba 2021 alikaa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza akaeleza kwa machozi alivyobaguliwa kwenye kriketi. Siku mbili tu baadaye zikaibuka jumbe zake za mwaka 2011, za kuwadharau Wayahudi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi. Angeweza kusema nilikuwa mdogo, nilikuwa kwenye mazingira mabaya, na watu wangemwelewa. Alisema ni zangu, sina cha kujitetea, naona aibu.

#7 Dakika za Nyongeza

Msomaji Kimya, hilo la Rafiq limenigusa. Na nimekumbuka Enzo Fernández wa Argentina, Julai 2024, ule wimbo wa kwenye basi baada ya Copa América, wa kuwasema Wafaransa kwamba wametoka Angola. Makamu wa Rais wa Argentina alimtetea kwa kuleta habari za ukoloni. Enzo mwenyewe alikuwa ameshaandika kwamba maneno yale hayana udhuru. Yaani mtetezi alikuwa anamvua mtu heshima ambayo mwenyewe ameshajivika.

Lakini bado swali langu liko palepale. Aliyelishwa sumu tangu utotoni ana kosa gani?

#8 Mama wa Watatu

Dakika za Nyongeza, kwa swali lako nina jibu moja tu, nalo ni la Adam Goodes.

Mei 24, 2013, Melbourne, kandanda la Australia. Goodes ni mzawa, mtu wa asili ya nchi ile, mchezaji bora mara mbili wa ligi nzima. Mechi inaelekea ukingoni, anaushinda mpira karibu kabisa na uzio, anasikia mtu jukwaani anamwita nyani. Anageuka. Anasimama. Ananyoosha kidole kuwaonyesha walinzi aliyesema. Ni msichana wa miaka 13.

Kesho yake alisema moyo umemvunjika, kisha akasema mtoto yule hana kosa, ni mdogo, kayapata mahali, na akaomba watu wamsaidie wasimshambulie. Hapo malezi yalikuwa udhuru, na aliyeutoa ni aliyeumizwa. Msichana naye alimpigia simu kumwomba radhi.

Sasa msikie sehemu ya pili. Usiku uleule rais wa klabu pinzani, Eddie McGuire, alikwenda chumba cha kubadilishia nguo kumpa Goodes mkono na kumwomba radhi. Mtu mzima, mtangazaji mashuhuri. Siku chache baadaye, redioni, akatoa mzaha wa kumhusisha Goodes na King Kong. Akasema ulimi umeteleza.

Mtoto nimemsamehe hata mimi niliye mbali. Nina watatu, najua wanavyookota maneno. Lakini mchezaji wa kulipwa si mtoto. Ana wakala, ana mwanasheria, anasaini mikataba ya mamilioni, na pale anaaminiwa kwamba anaelewa kila kifungu.

#9 Ndoano Namba 19

Huwa nasoma tu. Leo naandika.

Nilicheza nje misimu miwili, daraja la chini. Nchi na klabu nitaviacha. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, juu ya kila ndoano kulikuwa na utepe mweupe wenye jina la mchezaji kwa kalamu nene. Kwangu halikuandikwa jina. Kiliandikwa kitu walichoamua kuniita, sitakirudia hapa. Wiki tatu za kwanza nilicheka nao, kwa sababu nilikuwa mgeni na nilikuwa nataka kucheza.

Aliyekuwa akiniita hivyo zaidi ya wote alikuwa beki mmoja mtu mzima, katoka kijiji cha milimani, shule aliiacha mapema. Mimi nilikuwa mweusi wa kwanza kukaa naye meza moja. Siku moja tuko kwenye basi nikamwambia kwa lugha mbovu niliyokuwa nayo: nina jina, niite kwa jina. Akaanza, "kwetu sisi..." Akanyamaza. Akatazama nje dirishani mpaka tulipofika.

Asubuhi yake utepe ulikuwa umebanduliwa. Palikuwa na mpya, umeandikwa jina langu kwa mwandiko wa kupinda, limekosewa herufi moja. Alikuwa amesimama pale ananisubiri, akaniuliza ni sahihi? Nikamwambia bado herufi moja. Akachukua kalamu akaibana juu katikati, palipokosekana.

Nahodha wetu alikuwa kijana wa chuo kikuu, baba mwanasheria, ametembea nchi nyingi kuliko sisi wote. Nilimwambia maneno yaleyale. Akanijibu kwamba sijui utani. Aliniita hivyo mpaka siku ninafunga begi kuondoka.

#10 Dakika za Nyongeza

Pole sana, kaka. Yule beki, kuna hatua yoyote alichukuliwa?

#11 Ndoano Namba 19

Hapana. Sikumripoti, sikuona sababu. Tulikaa pamoja kwenye basi misimu yote miwili. Ningekuwa na ujasiri nilionao leo, ningemripoti nahodha.